Hodi kwa Mteja wa Mbali

Asubuhi ile niliondoka Kasongo bila kujua ninakwenda wapi. Nilichokitafuta nilikijua: rezo, mtandao wa simu. Wa kwetu ulikuwa umekufa tangu jana yake, na watu walipanda kichuguu nyuma ya soko wakainua simu zao juu kama wanaokinga maji ya mvua. Mimi pia nilipanda, nikainua, nikashuka.

Simu yangu ilikuwa imeshika nusu ya faili la sauti. Nusu ya pili ilibaki hewani. Faili hilo lilikuwa jaribio kutoka kwa mteja wa kwanza aliyekubali bei yangu bila kuipunguza, mwanamke wa ng'ambo aliyekusanya mazungumzo ya wakulima wa Maniema. Alitaka mtu wa kuyasikiliza, kuyaandika neno kwa neno, kisha kuyatia katika Kifaransa. Nikifaulu, mazungumzo mengine yalikuwa mengi yakingoja. Lakini alikuwa ameniandikia wazi: Ijumaa jioni isipite, la sivyo kazi itakwenda kwa mtu mwingine wa Bukavu. Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kwenye kituo cha pikipiki niliuliza nani anatoka kwanza.

"Kwenda wapi, kaka?" dereva mmoja akasema.

"Wapi kuko rezo?"

"Salamabila. Kwenye kuko zahabu, rezo hailale."

"Basi twende Salamabila."

"Uko na mutu kule?"

"Hapana."

Akaufunga mfuko wangu juu ya jerikani la mafuta ya mawese. "Watu wanaenda kule kutafuta zahabu, weye unaenda kutafuta rezo. Mungu aliumba watu wengi, kweli."

Kuondoka hivyo kwangu si jambo geni. Shule niliiacha kabla ya kumaliza msingi, na tangu hapo miguu yangu haijajifunza kukaa. Nimechimba dhahabu Lusangi, nimesukuma baiskeli zenye magunia ya mchele, nimeuza samaki wa Lualaba walioanza kunuka kabla sijafika sokoni. Kila nilipolala niliuliza maswali. Hiki mnakiitaje? Kwa nini mnasema hivi na si vile? Wazimba walinifundisha maneno ya shamba, Wabangubangu wakanifundisha maneno ya mto na ya utani, na wachimbaji wa kutoka kila upande wakanifundisha matusi. Kifaransa nilikiokota katika redio, katika karatasi za dawa, na kwa rafiki aliyesoma shule ya misheni ambaye alichoka na maswali yangu kuliko mwalimu wake alivyochoka naye. Sikuwahi kudhani kwamba haya yote yana mnunuzi.

Habari ya mnunuzi niliipata kwa fundi wa minara ya simu tuliyelala naye nyumba moja. Aliniambia kuna masoko ndani ya intaneti ambako mtu hufungua ukurasa wake, anaeleza anachokiweza, na watu wa mbali wanamwita kazini. Ukurasa huo ndio wasifu wako, akasema. Ndio kibanda chako.

Nikafungua. Na kwa kuwa nilikuwa ninafika mbele ya watu nisiowajua, niliandika kama tunavyofika kwetu. Kasongo mgeni hasemi shida yake mlangoni. Kwanza anasema yeye ni wa nani, kisha afya, kisha maji ya kunywa. Shida inakuja mwisho, pengine kesho yake. Mtu anayeanza na shida ni kama ameingia na viatu juu ya mkeka.

Basi wasifu wangu ulianza na salamu, ukauliza habari za nyumbani. Ulisema mimi ni mtoto wa mshona kofia wa nyuma ya msikiti, kwa mama ni Mzimba, na babu zangu wamezikwa hapa hapa mjini. Ulieleza kwamba sisi ni wazima, ikiwa ninyi ni wazima. Mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, uliongeza: kazi yoyote nitajaribu. Bei niliiweka chini kuliko zote nilizoziona. Picha ilikuwa ya studio, nimevaa koti la kuazima, na nyuma yangu pazia lenye maporomoko ya maji.

Hakuna aliyebisha. Kila asubuhi nilikwenda kuchungulia, kama mtu aliyetega mtego, nikakuta kamba ilivyo.

Aliyeniamsha ni dada mmoja aliyechaji simu za watu sokoni kwa paneli zake za sola. Siku moja nilimpa simu yangu, ukurasa ukiwa wazi, naye akausoma wote bila kuomba ruhusa. Wateja wake walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja.

"Kaka, huku unaomba kazi ao unaposa?"

"Naomba kazi."

"Sasa kabila ya mama yako inafanya nini hapa? Kiliya, muteja wako, anataka kumuoa?"

Benchi zima likacheka.

"Ni heshima, dada."

"Heshima iko kwa mulango. Ule mutu hajakaa kwa mulango, iko anapita sokoni na haraka. Miye, mutu akiniletea telefone yenye kufa, namuambia babu yangu alizikwa wapi? Namuambia: lete, ukitoka kuswali utaikuta imejaa. Basi." Akaendelea kusoma. "Na hii 'kazi yoyote nitajaribu'? Fundi wa kila kitu, hata miye simupatie telefone yangu. Na bei! Mbuzi ya bei hii, mutu anaulizia kwanza ugonjwa yake."

"Na picha?" mzee mmoja wa benchi akauliza, akinyoosha shingo.

"Picha iko nzuri," dada akasema. "Bwana arusi amekosa bibi tu."

Nilikasirika mpaka jioni. Kesho yake nilirudi, nikakaa kwenye benchi lile lile, nikafuta. Babu walitoka, afya ikatoka, maporomoko ya maji yakatoka. Ukurasa ulibaki mweupe, na hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana ilinibidi kusema kitu kimoja ninachokiweza, na mimi nilizoea kuweza kidogo kidogo kila mahali. Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Niliandika na kufuta mpaka dada akaniuliza kama ninafuta ukurasa au ninafuta kioo. Mwishowe niliandika hivi: ninasikiliza Kiswahili cha Maniema kama watu wanavyokisema mashambani na machimboni, pamoja na maneno ya Kizimba na Kibangubangu yanayoingia ndani yake, na ninakiandika kwa Kifaransa ili mtu wa mbali aelewe.

Nilijua maneno matupu hayauzi. Muuza karanga huwaonjesha watu. Nikamwomba dada nirekodi sauti yake akigombania bei na mteja. Mteja alikubali pia, kwa masharti kwamba nisimwandike ameshindwa. Niliyaandika yote, Kiswahili juu na Kifaransa chini, pamoja na matusi, na kando ya kila tusi nikaeleza maana yake na kwa nini hakuna aliyekasirika. Nikayaweka kwenye ukurasa. Kisha nikapandisha bei. Picha mpya ilinionyesha kibandani kwa dada, visikizi masikioni, macho nimeyafumba, nyuma yangu nyaya za kuchajia zimening'inia kama mizizi.

Yule mwanamke wa ng'ambo aliandika kabla mwezi haujaandama. Alisema alipofika kwenye maelezo ya matusi alicheka peke yake, na hapo akajua amempata mtu. Ndipo akatuma jaribio lake, ndipo rezo ikafa, ndipo nikajikuta nyuma ya dereva asiyenyamaza, nimelikumbatia jerikani la mawese.

Barabara ilikuwa kama ilivyo: matope, madaraja ya magogo ambayo mtu hushuka akayavuka kwa miguu, vilima vya kusukuma. Simu niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaiweka kichwani na kuivalia kofia juu. Tulipokaribia Salamabila, alasiri, kofia ikaanza kulia. Ujumbe ulikuwa ukiingia mmoja baada ya mwingine. Nilishuka nikasimama katikati ya barabara, nikangoja, na faili likatimia.

Nilitia visikizi masikioni palepale. Nikasikia mvua juu ya bati, kuku, na mzee akiongea kwa sauti ya chini mno. Juu yake nikasikia Salamabila: watu wanatwanga mawe, jenereta zinanguruma, baa mbili zinashindana kwa muziki. Sikulishika hata neno moja. Nilikuwa na faili zima, na nilikuwa ninaelekea kulipoteza kwa kukosa ukimya.

Katika nyumba ya wageni ya kwanza niliomba chumba kisicho na kelele.

"Kimya?" mwenye nyumba akasema. "Hapa tunauza bia, kitanda na maji. Kimya hatuuze." Halafu akanihurumia. "Jaribu kwa mama wa balo, nyuma ya musikiti mudogo. Kule hakunywewe."

Balo ni yale marobota ya nguo kuukuu yanayotoka ng'ambo. Nilimkuta mama huyo barazani, mwanamke mnene mwenye mikono mepesi, anapanga suruali kwa ukubwa. Nikamwendea nikiwa na somo langu lote kichwani.

"Salamu alekumu, mama. Nasikiliza sauti na kuandika. Nataka chumba ya kimya. Nalipa mbele."

"Alekumu salamu. Na kisha?"

"Basi, mama."

"Basi?" Aliweka suruali chini. "Hii iko mugeni ao tangazo ya redio? Hauna mama? Hauna kwenu? Ulianguka kwa muti?"

Nilisimama kama nimemwagiwa maji. Halafu nikavua viatu, nikakaa pembeni ya mkeka, nikamsomea kwa kichwa wasifu wangu wa zamani, ule uliofutwa, tangu salamu ya kwanza. Nikauliza habari za nyumbani. Nikamtaja mama na Uzimba wake, nikafika kwa baba. Hapo akainua mkono.

"Mushona kofia wa nyuma ya musikiti, Kasongo? Yule anaimba wakati wa kushona?"

"Ni yeye."

"Kofia ya arusi ya bwana yangu ilitoka kwake. Ilimubana! Mpaka leo, kichwa ikimuuma, anamutaja baba yako."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Kofia ilibana, arusi imedumu. Ingia, mwanangu. Kunywa maji kwanza."

Chumba kilikuwa depo yake, ghala la nguo. Marobota yalipanda mpaka darini pande zote, na katikati mlibaki nafasi ya mkeka mmoja. Alipofunga mlango, Salamabila yote ikazimika. Makoti na mablanketi ya watu nisiowajua yalizimeza baa, jenereta na mawe. Nikasikia pumzi yangu.

Nikatia visikizi. Mvua, kuku, kisha yule mzee mkulima akakohoa, akaanza: yeye ni mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, kwa mama ni wa ukoo huu, shangazi yake aliolewa kule. Aliendelea hivyo muda mrefu kabla ya kugusa habari ya muhogo aliyoulizwa. Nikacheka kwa nguvu.

"Ee mutoto wa kofia!" mama akaita nje ya mlango. "Unacheka na nani mule?"

"Na mzee mumoja, mama. Iko anabisha hodi."

"Mukaribishe basi!"

Nikamkaribisha. Niliandika tangu salamu, sikumruka hata shangazi mmoja, na kando nikaeleza kwa nini muhogo ulichelewa kufika. Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka kuswali, nilituma, na yule mwanamke wa ng'ambo akanijibu kwa kutuma mazungumzo mengine. Mkeka ule katikati ya marobota niliulalia mpaka mvua zilipokwisha, maana wazee waliendelea kuja masikioni mwangu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shangazi zake.