Fakture ya Daktari Asiyekuja

Joséphine-Marie, mkulima wa maharage wa Ngungu, alijikata mguu kwa jembe, akabebwa mpaka hospitali. Kwenye chumba cha urgence, cha wagonjwa wa dharura, muuguzi alikiosha kidonda, akakishona. Daktari hakutokea, lakini fakture, karatasi ya malipo, ilimtaja: kuchunguzwa na daktari, dola tano.

"Daktari gani?" akamuuliza karani wa kesi, pale pa kulipia.

"Mama, alipita kwa koridoo. Alikuona."

"Hata mbuzi ya pale inje iliniona. Nayo niilipe?"

Foleni nzima ikacheka. Karani akanuna. "Sheria njo ile. Ukiingia urgence unalipa daktari, akuwe ao asikuwe."

Joséphine-Marie akalipa, kisha akaenda kuketi mlangoni pa daktari, mguu ameunyoosha katikati ya njia. Wagonjwa watano wakamfuata, kila mmoja na fakture yake mkononi. Saa tisa daktari akaja, akakosa pa kupita, ikabidi awachunguze wote, mmoja baada ya mwingine.

Joséphine-Marie alipokuwa anatoka, karani akamwita. "Mama, bado dola tano. Sasa umechunguzwa kweli."

"Ile ya kwanza ilikuwa ya nini?"

Karani akaipekua fomu yake juu mpaka chini. Haikuwa na mstari wa daktari aliyekuja. Joséphine-Marie akachechemea zake nyumbani bila kulipa tena.