Kompyuta ya Baba Imenguruma Tena

Leo nimefufua kompyuta ya marehemu baba, na sijui kama nilifanya vizuri.

Diski yake ilikufa kitambo. Diski nyingine niliyopata ina mdomo mwembamba, na waya wa kompyuta ni ule mpana wa zamani. Haziingiani bana!

Nikaenda Kitale, nikapata adapta ya kuziunganisha. Nikarudi Chwele, nikachomeka, nikawasha.

Ikanguruma vile ilikuwa ikinguruma baba akifanya kazi.

Muda kidogo, mama akatoka jikoni na kikombe cha baba, kimejaa chai. Kufika mlangoni, akaniona mimi kwa kile kiti cha baba. Akasimama.

“Ai, ni mazoea,” akasema. “Hiyo kitu ikilia, mimi humimina chai.”

Si nikaipokea. Haikuwa na sukari, vile baba alipenda. Nikainywa yote.

Nyinyi mngeizima hiyo mashine? Mimi nimeshindwa.