Sarafu za Bibi Zilizopotea Njiani

Juzi nilikuwa kigangoni kwetu Kibosho, nimekuja kuangalia nyumba ninayojenga. Ni ghorofa, na mimi ninayeijenga niliishia darasa la saba. Simu ikaita kutoka Holili, lori langu limekwama mpakani, nikawa nazunguka uwanja wa kanisa huku nafoka. Mimi sikai, sijawahi kukaa. Lakini nilipofika kwenye baraza la kanisa miguu ikasimama yenyewe. Hapo ndipo barua zilipokuwa zinagawiwa.

Kama umri wetu ni mmoja, unakumbuka. Parokia ilikuwa na sanduku la posta mjini Moshi, na barua zetu zote zilipitia humo. Jumapili baada ya misa katekista anasimama barazani na furushi lake, anaita majina, na watu wanatazama nani kaitwa. Bibi yangu aliitwa kila mwezi. Baba mdogo alikuwa kiwandani Arusha, na bibi alishamkataza kutuma noti, maana noti kwake ilikuwa karatasi, panya wa darini wanaila. Alitaka sarafu, ile ya shilingi mia iliyokuwa ngeni ngeni, ya njano, yenye swala. Ya chumvi na mafuta ya taa. Akiitwa alipita katikati ya watu polepole makusudi, kanga imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, akiwaambia majirani, "Mimi nilizaa mtoto, sikuzaa mdomo wa kulishwa."

Halafu sarafu zikaanza kupotea. Bahasha imefungwa, barua ipo, sarafu haipo. Kwenye karatasi imebaki alama yake tu, imebonyea hadi swala unawaona. Mimi ndiye niliyemsomea: "Mama, pokea hiyo ya chumvi." Bibi anapitisha kidole gumba juu ya alama. Mara ya kwanza alisema imeanguka njiani. Mara ya pili akasema njia haina mikono.

Nani alishika barua? Katekista. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, maneno yakakolea: bahasha inafunguliwa kwa mvuke wa chai, inabandikwa tena kwa uji. "Na lile bati jipya la choo chake mnadhani limetoka wapi?" Watu wakaanza kupokea barua bila kumwangalia usoni. Mkewe akaacha kukata majani ya ng'ombe upande wetu.

Ndipo bibi akatoa chungu. Kwetu aliyeibiwa hutangaza siku, na siku hiyo akikivunja chungu kwa maneno yake, aliyekula mali yake anakwisha yeye na uzao wake. Bibi alikuwa mtu wa komunyo, lakini alitangaza palepale barazani.

"Jumamosi navunja. Aliyekula atapike."

"Vunja, mama," katekista akajibu. "Mimi sikimbii."

Wiki ile hapakuwa na utulivu kwetu. Natumwa maji mferejini, narudi na nusu ndoo. Kiburu, zile ndizi na maharage, kikaungulia chunguni mwake, wakati chungu kile kingine kimekaa kando ya mafiga na sisi tunakipita kwa kukizunguka kama mgeni asiyeaga.

Ijumaa jioni mbwa wakabweka, akatokea baba mdogo kwenye migomba, viatu mkononi, matope hadi magotini. Habari alizipata kwa konda wa basi. Shikamoo hakutoa. Alishika jani la isale alilolipiga fundo, jani ambalo kwetu anayeomba msamaha akikuletea huwezi kumkatalia. Akapiga magoti.

"Mama, usivunje. Utaniua mimi."

Kiwandani walishampunguza tangu kabla ya masika. Kila mwezi alikuwa anaazima sarafu kwa muuza duka, anaiweka juu ya barua, anaikandamiza kwa kisigino cha kiatu mpaka ichore, kisha anairudisha kwa mwenyewe.

Bibi akamtazama sana. "Na stempu ulinunua na nini?"

"Nilibeba mizigo stendi."

Akalipokea lile jani. "Ingia ule."

Nilidhani yameisha. Siri ilikuwa ya nyumba, na ningekuwa mimi ningeifukia humo humo. Lakini Jumapili, kabla ya barua kuitwa, bibi alipanda barazani mbele ya wale wale aliowaringia.

"Katekista hajala kitu changu. Sarafu hazikutumwa. Mwanangu hana kazi, na mimi nilimsingizia mtu." Akampa lile isale.

Nyuma mtu akacheka. "Kumbe ni wenzetu tu."

Baba mdogo alikuwepo, macho chini. Katekista akalipokea jani kwa mikono miwili. "Kaa, mama," akasema, "watu wanasubiri barua zao." Akaanza kuita majina.

Kicheko kile ndicho kilichonitoa mlimani. Niliapa hakuna atakayenicheka hivyo. Nikauza mitumba, nikavusha mahindi, nikapata lori, kisha jingine, na leo ndugu hawajamaliza kuomba nimeshatuma. Usingizi mzuri, huo sijaupata.

Bibi na baba mdogo wamelala kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, chini ya migomba, na katekista kwenye chake. Barazani haiitwi barua ya mtu. Hela inaruka kwa simu, haipotei njiani. Ila nilipokuwa nimesimama pale nilimfikiria mwanamume asiye na kitu, anayebeba magunia ya watu apate stempu, ili mama yake asikie jina lake likiitwa. Siku hizi ukiishiwa unazima simu, na mama hajui hata kama uko hai.