Nyumba ya Mihogo

Kiwanja chetu kilikuwa Kibamba, na nyumba yake ilikuwa ya mihogo. Wenyewe tulikuwa tumepanga chumba kimoja Manzese, wazazi kitandani, mimi na mdogo wangu mkekani, pazia katikati. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo. Saruji ilikuwa imetushinda, na mama aliogopa kiwanja kikikaa kitupu watu watakimega. Akasema tupande mihogo. Baba akafunga kamba kwenye vigingi, akapima vyumba, na sisi tukachomeka pingili za muhogo kufuata kamba. Penye mlango tukaruka.

Mvua zikaja, kuta zikaota. Kufikia mwaka uliofuata zilikuwa zimenizidi kimo. Mama hakukubali mtu apenye ukutani. Mdogo wangu aliwahi kula kofi kwa kutoka sebuleni mpaka uani bila kupita mlangoni. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, na mlango wake wa uani. Mama alinipangia hivyo kwa sababu mie nilikuwa na haya, mgeni akipiga hodi najificha nyuma ya pazia mpaka aondoke. Aliniambia humo nitakaa na haya zangu na mgeni hatajua kama nipo. Nilikuwa nalala chali katikati ya chumba, majani yakicheza juu, nikisikia wenzangu wakiongea sebuleni kama watu walio mbali.

Kisha kiwanda kikapunguza watu, na baba akawa mmoja wao. Sokoni mitumba ilikuwa imejaa, na redio ilisema tuvumilie, mambo yatanyooka.  Siku moja baba alisema atauza kiwanja apate mtaji.

Mama hakubishana. Aliomba jambo moja tu.

"Ile mihogo ni chakula cha watoto," alisema. "Tukishamaliza kuila, uza."

Baba akakubali.

Basi kila Jumapili tulikwenda kung'oa. Baba alitaka tuanze na chumba chao, yeye na mama, kwamba mkubwa ndiye hutangulia. Halafu sebule. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, jioni muhogo na kisamvu. Mdogo wangu alikuwa akiuliza sufuria ikiwa bado jikoni, leo tunakula ukuta gani, na mama anamjibu, sebule, upande wa dirisha. Tukila, alitusimulia yaliyotokea hapo. Hayakuwa yametokea. Lakini aliyasema kwa sauti ileile aliyosimulia utoto wake kusini.

"Siku uliyoolewa," aliniambia, "mvua ilishuka, wageni wote wakakimbilia sebuleni. Shangazi yako mmoja akakalia sahani ya pilau, na gauni lenyewe la kuazima."

Tulicheka. Baba aliinamia kikombe, mabega yakimtikisika. Siku nyingine ilikuwa homa ya mdogo wangu, alivyougua chumba cha pili akiwa na ndevu zake, akidai uji kama mtoto. Pole pole na mimi nikaanza kukumbuka. Nilikumbuka mvua juu ya bati la chumba changu, na harufu ya chokaa kabla haijakauka.

Baba alipokuwa akibeba gunia kulipeleka barabarani, mama alibaki nyuma kufukia mashimo. Katika kila shimo alichomeka pingili. Mimi nilimwona. Hakuniambia ninyamaze, maana alijua nitanyamaza.

Kikabaki chumba changu peke yake. Jumapili hiyo baba alikuja na mnunuzi, mtu mcheshi mwenye kofia nzuri. Nilimwamkia shikamoo nikiwa chumbani kwangu, kwenye majani. Akaitika marahaba huku akitafuta sauti ilikotoka. Kisha akaanza kukagua, akikanyaga popote, hadi akasimama akatazama chini.

"Mzee wangu, si ulisema mmeshavuna? Hivi vinavyoota ni vya nani?"

Baba akainama. Vichipukizi vilikuwa na majani mawili matatu, vimejipanga mstari, vikakata kona, vikaruka mlango, vikaendelea. Aliufuata mstari kwa macho, chumba kwa chumba, hadi ukamfikisha kwa mama, aliyekuwa anamenya muhogo. Mama hakuinua kichwa. 

"Bwana, umesimama ukutani," baba alisema. "Rudi upite mlangoni."

Yule mtu alicheka, lakini alirudi. Baba akamwonyesha ulipo mlango, naye akaingia, hata akapangusa viatu kwa utani.

"Karibu," baba alimwambia. "Ila hakiuzwi. Bado hatujamaliza kula."

"Mtamaliza lini?"

"Muulize mwenye nyumba."

Mama akamkatia kipande cha muhogo mbichi, akampa. Mgeni aliondoka anatafuna.

Chumba changu tuliking'oa Jumapili iliyofuata, na safari hii baba ndiye aliyechomeka pingili. Sasa anakaanga mihogo Manzese, kando ya barabara, na watu wanaisifia. Kibamba tofali zimeanza kupangwa uani, chache.

Sijaolewa. Lakini mvua ile ya sebuleni naikumbuka vizuri, na shangazi anavyosimama taratibu, anajishika nyuma, wali umemganda, na watu wote wanajifanya hawajaona.