Nilibeba package bila kusoma maelezo yake, mama yangu wa Nkowe akanishika

Wakuu, nawasalimu wote, wa Windows na sisi wa terminal nyeusi.

Hii si chai. Imenitokea mwenyewe msimu huu mikorosho ikiwa kwenye maua, na hadi leo nikiikumbuka naiona kama ndoto ya mchana. Someni hadi mwisho maana kule chini nina shida, nataka msaada wenu.

Mimi ni fundi kompyuta, nina kijiofisi changu Nachingwea mjini. Mama yangu anaishi Nkowe, wilaya ya Ruangwa. Ni mwalimu mstaafu, miaka yote alifundisha darasa la kwanza. Watu wazima kibao pale kijijini walishikishwa penseli na yeye.

Na kigangoni kwetu ndiye aliyekuwa akisoma somo la kwanza. Tangu niko mdogo. Akipanda mimbarini hata watoto wachanga wananyamaza, sijui kwa nini.

Basi, presha ya macho ikamjia taratibu. Ukungu pembeni, ukungu katikati. Mwaka huu maandishi yamemkimbia kabisa. Hospitali walimwambia ukweli, kilichoondoka hakirudi.

Jumamosi moja nimefika nyumbani, nikamkuta katekista yuko barazani anaaga. Jumapili ya wiki inayofuata ilikuwa sikukuu ya kigango, alikuja kumwomba asome kama kawaida.

"Mwalimu, fikiria," katekista akasema. "Nitapita Alhamisi unipe jibu."

"Jibu ni hili hili, katekista. Tafuta mwenye macho."

Alisema kwa upole, wakuu. Ule upole uliniumiza kuliko kama angelia.

Alipoondoka nikamwambia, mama, mimi nitakusomea hilo somo, wewe lishike kichwani. Tukajaribu. Nikasoma, akasema rudia. Nikarudia. Rudia tena. Mara ya tano akasema, "Basi, baba. Umeguna."

Nikakataa. Lakini ni kweli niliguna, kidogo tu, kwa pua.

"Kila mtu anaguna," akasema. "Wajukuu wanaguna mara ya pili. Wewe umejitahidi."

Nilijisikia vibaya sana.

Sasa, mimi nilikuwa nimekuja na mpango. Mama ana laptop ya zamani, alizawadiwa na wanafunzi wake alipostaafu, nikamwekea Linux. Kwenye flash nilikuwa na package ya espeak-ng, programu inayosoma maandishi kwa sauti, na Kiswahili imo. Najua mtauliza mbona nisitumie simu. Simu ya mama ni kitochi. Na mtandao pale kwake unatosha kupiga tu, ukitaka data utachungulia kaduara kanazunguka hadi kuku waingie bandani.

Yenyewe ingemsomea mara mia na isingeguna. Nikachomeka flash, nikapiga dpkg, amri ya kuiweka kwenye mashine.

Error.

Inadai vitu vingine havipo. Kumbe kule ofisini nilipakua package moja tu yenye lile jina, nikafunga safari. Fundi mzima! Miaka yote nawacheka wateja, halafu mimi mwenyewe nimebeba faili kwa kutazama jina lake.

Nikamweleza mama. Akacheka, mara ya kwanza siku ile.

"Kwa hiyo ulipokea gunia bila kupiga bambo?"

Kwa wasiotoka kwetu: bambo ni kile chuma chenye mfereji. Ghalani wanakichoma kwenye gunia, wanachota korosho za ndani, wanazikata katikati waone kokwa. Gunia linaweza kuwa zuri mdomoni, chini limeoza. Mama zamani alikuwa hasubiri ghala. Anakata zake hapa hapa barazani kabla gunia halijashonwa, na iliyooza anakupa uishike mkononi uione vizuri.

"Hilo faili lako halina bambo?" akauliza.

Wakuu, nikaivuta laptop karibu.

Lipo. Linaitwa apt show, amri inayokuonyesha maelezo ya package kabla hujaiweka.

Na uzuri wake halihitaji mtandao, mradi orodha ya package ulishaivuta siku za nyuma. Mimi mwezi uliopita nilikuwa na laptop hiyo ofisini, nikaifanyia apt update. Nikaandika:

apt show espeak-ng

Maelezo yakashuka. Jina, toleo, jina la mtu anayeitunza, ukubwa wake ikishakaa kwenye mashine. Halafu mstari wa Depends, yaani vitu inavyovitegemea. Nikachukua daftari, nikaandika kilichotajwa pale. Nacho nikakipigia apt show, kikataja vingine. Nikafuata hivyo hivyo mmoja baada ya mwingine, na kila ambacho mashine haikuwa nacho nikakiandika.

Hapa niseme kitu, mtanicheka. Nilipomaliza orodha sikuacha. Nikaanza kupiga apt show za vitu nisivyovihitaji kabisa. Programu ya kutazama nyota. Programu ya kuandika noti za muziki. Ya kuchora ramani. Sizipakui, nasoma maelezo tu. Upepo unaleta harufu ya maua ya mikorosho, dawa ya salfa waliyopuliza asubuhi bado inaelea juu ya mashamba kama moshi mwepesi, ng'ombe za majirani zetu Wasukuma zinarudi na kengele zao, na mimi niko kwenye mkeka nazunguka dunia nzima bila bando. Kila package ina jina la mtu kwenye mstari wa Maintainer. Nikawaza, huyu naye sasa hivi amekaa kwenye mkeka gani?

"Unasoma nini kimya kimya?" mama akauliza. "Nisomee na mimi."

Nikarudi kwenye ile ya sauti nikamtafsiria maelezo. Inasema inaweza Kiingereza na lugha nyingine, baadhi bado zinafanyiwa kazi, na wazungumzaji wa lugha hizo wanakaribishwa kusaidia.

"Rudia hapo mwisho."

Nikarudia. Safari hii sikuguna, naapa.

Aliendelea kuchambua mtama kwenye ungo kwa vidole, polepole, kama mtu anayehesabu kitu kichwani.

Jumatatu nikawa Nachingwea, nikapakua vyote vya kwenye daftari. Kila faili nikalipiga bambo kwanza, toleo kwa toleo. Jumatano nikapanda gari hadi Ruangwa, bodaboda hadi Nkowe.

Ikakubali. Mara moja.

Nikachapa somo la sikukuu na masomo ya Jumapili kadhaa zijazo, kila moja na kitufe chake, nikabandika punje ya mtama kwa gundi kwenye kitufe cha kwanza avipate kwa kupapasa. Kasi nikaishusha sana.

Mama akabonyeza.

Wakuu, ile sauti ni ya ajabu. Bapa, ya bati, Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana. Nikaogopa atachukia. Alikaza uso, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu mtoto anasoma bila kupumua. Lakini ana bidii."

Akabonyeza tena. Na tena. Nikaacha kuhesabu. Mimi nilikwenda kisimani nikarudi, nikala, wao bado wako pamoja. Sauti ikitamka vibaya mama anaisahihisha kwa sauti ya darasani kabisa: "Hapana. Sikiliza. Hivi." Kisha anabonyeza aone kama imesikia.

Alhamisi katekista akapita.

"Vipi, Mwalimu?"

"Niandike," mama akasema.

Jumapili alishika mkono wangu hadi mimbarini, akaniachia. Akaweka viganja juu ya kitabu kilichofunuliwa, asichokiona, akasoma somo lote kwa moyo. Hakukosea. Watoto walinyamaza kama zamani. Mimi nililia mbele za watu, sioni aibu kusema.

Somo nililolipata: ndugu zangu mafundi, kabla hujainstall, kabla hujabeba flash kwenda kijijini kwa mama wa mtu, piga apt show. Soma hadi mstari wa mwisho, siyo ukubwa tu. Na mtu akikwambia rudia, rudia bila kuguna.

Sasa ile shida yangu.

Tulipotoka kanisani mama aliniuliza, "Yule mtu wa kwenye maelezo, anayeomba wenye lugha wamsaidie, umeshamjibu?"

Nikamwambia bado, mama, yule haombi sisi hasa, ni tangazo tu la watu wote.

"Sisi siyo watu?" akauliza. "Mwambie kwamba huyo mtoto wake anahitaji kufundishwa kupumua. Mwambie mwalimu yupo Nkowe. Haoni, lakini anasikia."

Tangu siku hiyo kila nikipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, anauliza kama wamejibu, nami namwambia nimeshawaandikia, tunasubiri.

Mwenye kujua namna ya kuwaandikia hawa watu, tafadhali aweke hapa chini. Sijawaandikia bado, na nimeshachoka kumdanganya mama.