Mama Atakuja Ikitoka Mbalamwezi

Nilipokuwa mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya bweni wilayani Muleba, sheria ya uzio niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe: anayetoka nje bila ruhusa anarudishwa nyumbani, na haingii darasani mpaka aje na mzazi. Sikuiandika kwa ukatili. Muhula uliotangulia mwanafunzi wetu alitoroka kwenda sokoni akagongwa na bodaboda, nikashinda naye hospitali mguu ukifungwa plasta. Tangu siku hiyo, mtoto yeyote akisogelea geti, roho yangu iliruka.

Basi binti mmoja wa kidato cha nne, kwao kisiwani Goziba, akanaswa dukani ng'ambo ya barabara akiazima simu ampigie mama yake, maana shuleni simu ni marufuku. Mitihani ya taifa ilikuwa imebaki wiki chache. Jioni nikamwita ofisini.

"Mama yako aje hapa wiki hii."

"Samahani mwalimu, hawezi. Atakuja ikitoka mbalamwezi."

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari wakaangua kicheko. Mimi nikapandwa na hasira. Ni mwepesi wa hasira, sikatai, na nilidhani mtoto ananifanyia mzaha mbele ya wenzangu. Sikumuuliza hata swali moja. Niligonga muhuri kwenye barua ya kumrudisha nyumbani nikamwambia kesho asubuhi aende akamlete huyo mama.

Kesho yake, saa nne, nilikwenda jikoni kuchukua chai. Mpishi wetu, mama wa makamo aliyewahi kuishi visiwani akianika dagaa, alikuwa ameshasikia habari, na hakunionea haya.

"Mwalimu waitu, wewe mtu wa Maruku unajua migomba na kahawa tu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikitoka hawapatikani, kambi nzima inapumzika, ndipo mama wa watu anapata nafasi ya kusafiri. Sasa hivi yuko ufukweni anaanika. Na mtoto umemtuma ziwani peke yake, na upepo huu!"

Niliona aibu, tena aibu kubwa. Niliweka sheria ili watoto wasiumie barabarani, kisha kwa sheria hiyohiyo nikamsukumia mmoja wao ziwani. Chai niliiacha palepale. Nikachukua bodaboda mpaka mwaloni, boti za visiwani zinapoondokea.

Nilimkuta amekaa juu ya begi lake, barua yangu mkononi. Ziwa lilikuwa limechafuka na boti hazijaondoka. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo mwalimu."

Shikamoo ile iliniuma kuliko tusi.

"Marahaba. Nimekosea, mwanangu. Ningekuuliza kwanza. Turudi shuleni."

"Na kosa langu, mwalimu?"

"Liko palepale. Tutalizungumza mama akija. Lakini utamsubiri ukiwa darasani."

Kwenye kikao cha walimu nilieleza yote, pamoja na kicheko chetu. Wengine walinung'unika kwamba nimelegea. Uzio hatukuugusa, na mpaka leo nitautetea. Tulichobadilisha ni kwamba mwanafunzi asikilizwe kabla barua haijaandikwa, na asikose vipindi kwa sababu ya kumsubiri mzazi. Mkuu wa shule akasema pia kwamba Jumamosi simu ya ofisi itumiwe kuwapigia wazazi, nasi tukabaki tukijiuliza kwa nini hatukuliwaza hilo zamani.

Mbalamwezi ilipotoka mama, tuliyempigia kwa simu hiyo ya ofisi, akaja kweli, kitenge chake bado kina chumvi ya jasho la safari. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Mwalimu, siku zote hizi ulizonisubiri, mwanangu alikuwa anasoma?"

"Alikuwa darasani kila siku."

Akavuta kiti, akakaa.

"Haya. Sasa niambie kosa lake."