Mbuzi Mmoja na Kreti Mbili za Bia

Mshauri alikuwa Mmarekani mwenye sauti ya chini, na chumbani kwake kulikuwa na viti viwili vilivyotazamana. Alitaka mimi na mume wangu tukae hapo, tutazamane machoni, halafu nimwambie nilivyojisikia siku polisi waliponipigia simu. Nilicheka. Kwetu Kivu Kusini mke hamkodolei mumewe macho mbele ya mgeni, sembuse kumwanika. Nikatazama boksi la karatasi za kufutia machozi. Mkalimani wetu, Mrundi wa makamo, akatazama viatu vyake.

Ilikuwa 2015, hapa Louisville, Marekani, upande wa South End. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala huko Jeffersontown, na akitoka kazini alikunywa kwanza ndipo arudi nyumbani. Hilo nilikuwa nimelizoea. Nililokataa kulizoea ni siku aliyokamatwa akiendesha gari amelewa, na kitinda mimba wetu yuko kiti cha nyuma, hajafungwa mkanda. Hakimu akaamuru twende sote wawili kwa mshauri wa mambo ya ulevi, na akirudia atafungwa. Mimi nikaongeza hukumu yangu: akinywa tena hata mara moja, nachukua watoto na kuondoka. Nilimwambia hayo jikoni nikiwa na mwiko mkononi, na alijua sitanii.

Nilifanya na jambo jingine ambalo mke yeyote wa kwetu angefanya. Nilimpigia simu baba yangu mdogo aliyeko Columbus, maana ndiye aliyepokea mahari yangu, nikamshtaki mume wangu. Baba mdogo akampigia shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyeko Buffalo. Wakakubaliana waje kukata kesi. Lakini ruhusa ya kutoka kazini huku haipatikani hivi hivi, mmoja yuko kiwandani na mwingine anatunza wazee wa watu, kwa hiyo wiki zikapita.

Katika wiki hizo mambo yalianza kubadilika, na sikutarajia. Alhamisi moja, tukiwa kwa mshauri, mume wangu alifungua kinywa bila kuulizwa. Alisema akilala bila pombe anarudi kwenye ile njia tuliyopita tukikimbia vita, anawasikia wale tuliowaacha. Akalia. Mimi badala ya kumhurumia nilipandwa na hasira. Njia hiyo nilipita na mimi, tena nina mimba na mzigo kichwani, na sikunywa! Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni, kwa kelele, hata mkalimani akashindwa kutufuata. Mshauri alionekana kufurahi, nikamwona hana akili.

Lakini jioni ile mume wangu alichemsha chai mwenyewe, akaniletea kikombe, akakaa karibu yangu. Tukafanya hivyo jioni nyingi. Mikono yake ilikuwa ingali inatetemeka, chai ikimwagikia kisahani, lakini ilikuwa chai. Nilianza kumpenda tena, na jambo hilo liliniogopesha kuliko ulevi wake.

Ndipo wakubwa walipofika, Jumapili baada ya kanisa. Nilimpokea baba mdogo mlangoni, nikamwambia kabla hajavua koti.

"Baba, ile kesi ilishaisha. Hakunywaka tena."

"Ilishaisha namna gani? Nani aliikata?"

"Mshauri."

"Ule muzungu ndiye alikulaka mahari yako?"

Nikampokea koti. Wakakaa sebuleni, wakatusikiliza mmoja mmoja, kwa haki kabisa, siwezi kuwasingizia. Mume wangu alikiri yote. Kisha baba mdogo akakohoa.

"Bon. Mukwe, ulikosa. Donc utatoa mbuzi moja na kreti mbili ya pombe."

Kwetu kesi ya ndoa hutozwa hivyo, uwe umepiga, umetukana au umelala nje. Mlevi alikuwa ametozwa bia, na hakuna mtu aliyecheka. Shemeji, kwa wema wake, alijua mdogo wake amekatazwa kukanyaga duka la pombe, basi akaenda kumnunulia yeye. Mbuzi waliagiza kwa mkulima nje ya mji. Nikampika, na moyo wangu ulikuwa mzito tangu nilipoanza kukata vitunguu.

Baada ya kula, baba mdogo akajaza bilauri moja. Kwa desturi aliyekosa hunywa kwanza, humpa aliyekosewa, naye akinywa kesi imefungwa. Anayekataa amekataa ndoa. Niliomba tutumie Fanta.

"Fanta ni ya batoto," shemeji akasema. "Kidogo tu, mama. Ya kufunga."

Mume wangu aliniangalia machoni, vile vile tulivyofundishwa. Aliomba nimwokoe, nami nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa. Nikaipokonya ile bilauri kabla mkono wake haujafika. Nilikuwa nimeokoka tangu utotoni, sijawahi kuonja bia, na niliinywa yote mpaka machozi yakanitoka.

Wakapiga makofi. "Mama ana kiu ya amani!" baba mdogo akasema, akacheka, akaijaza tena.

Safari hii mume wangu aliipokea. Alikunywa polepole, macho amefumba, na nikaona mikono yake imetulia tuli. Nilitaka kupiga kelele. Baba mdogo akatuombea kwa sauti kubwa, akamshukuru Mungu kwa nyumba iliyosimama tena. Walikuwa na kazi Jumatatu, hivyo wakaondoka jua lingalipo, kila mmoja na njia yake. Kreti moja haikuguswa. Kwa desturi, bia inayobaki ni ya wenye nyumba.

Kufikia Jumanne kreti ile ilikuwa tupu. Alhamisi nilipanda basi peke yangu. Watoto walikuwa kwa mama mmoja wa kanisani kwetu tangu Jumanne, na nguo zao zilikuwa huko pia. Nilikaa kwenye kiti changu, kile cha pili kikiwa kitupu mbele yangu, nikasema amerudia kunywa. Mshauri akauliza, mkalimani akatafsiri: mume wako yuko wapi, na imekuwaje ameanza tena?

"Walikuja wakubwa wetu," nilisema. "Wametupatanisha."

Mkalimani hakutafsiri. Kwao Burundi pia kesi hufungwa kwa bia. Aliinamisha kichwa akashika paji la uso, na mshauri akabaki anatutazama kwa zamu, akingoja aambiwe nimesema nini.